Pazia la Maporomoko

Mwezi ule watu walianza kuingia studio ya Mzee Picha bila kuchana nywele. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi mkewe, Mama Rangi, maana tangu aolewe na mpiga picha hakuwahi kuona mtu anakuja kwa mumewe na shati lisilopigwa pasi. Walikuja na vumbi miguuni, wengine na watoto mgongoni, wakajaa chumba cha mbele mpaka mlangoni. Wote walitaka kitu kimoja, picha zao za zamani.

"Zamani ya lini?" Mzee Picha aliuliza.

"Ya kabla ya bikoni!" walimjibu karibu kwa pamoja.

Bikoni zenyewe ni vile vigingi vya zege vilivyofukiwa mtaani na vibarua wa upimaji enzi hizo Mama Rangi bado ana kiuno. Watu walizizoea, wakazigeuza viti na vinoleo vya visu. Sasa ofisi ya ardhi ilikuwa imezikumbuka. Barabara kubwa ingepita pale, nyumba zote zingebomolewa, na kiwanja cha kuhamia angepewa yule tu ambaye nyumba yake ilikuwepo siku bikoni zinapigwa. Maneno ya jirani hayakupokelewa, kwa kuwa mtaa mzima ungeshuhudiana. Hati hakuna aliyekuwa nayo. Ofisi ikasema basi, lete hata picha inayoonyesha nyumba.

Nyumba ya Mzee Picha yenyewe ilikuwa imeshapita. Leseni yake ya biashara ilikuwa ya zamani kuliko bikoni na ilitaja mtaa ule, afisa akaiangalia mara moja na kupiga muhuri. Kwa hiyo siku ile mpiga picha na mkewe ndio watu pekee mle chumbani waliokuwa na usingizi wa kutosha, na Mama Rangi alijionea aibu kwa hilo.

Mzee Picha alishusha makopo ya biskuti kutoka juu ya kabati huku akikohoa. Dawa za kusafishia picha zilikuwa zimemla kifua. Ndani ya makopo kulikuwa na filamu zilizokatwakatwa vipande na kufungwa kwa raba, pamoja na picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mtu wa kwanza kutia mkono alikuwa Bi Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya ubavuni, mjane, mwenye ulimi mkali na macho yaliyoanza kuchoka.

Alitoa picha moja, akaitazama, akaiweka. Akatoa nyingine. Akatoa ya wanawe wakiwa wadogo, ya marehemu mumewe na baiskeli mpya, ya yeye mwenyewe siku aliyonunua cherehani. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kutoa za kwao. Kelele zikapungua, zikaisha kabisa.

Katika kila picha, nyuma ya kila mtu, kulikuwa na maporomoko ya maji.

Lilikuwa pazia lao. Mama Rangi alilichora kwa rangi ya mafuta juu ya shuka nne zilizounganishwa, na aliyeziunganisha alikuwa Bi Cherehani huyuhuyu. Juu kulikuwa na mlima wenye theluji, katikati maji yakianguka meupe, chini maua ya kila aina yaliyochanua kwa pamoja bila kujali majira. Mama Rangi hakuwahi kuona theluji wala maporomoko. Aliyatoa kwenye kalenda ya dukani na kichwani mwake. Mzee Picha alilifunga pazia hilo nyuma ya baiskeli, akalitundika mbele ya nyumba ya kila aliyemwita, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka ukuta wake wa udongo uonekane. Mtaa ulipita ukame wa kupasua midomo na mvua za kugeuza njia kuwa uji, vibanda vikawa nyumba, miti ikapandwa na kukatwa. Kwenye picha hayo yote hayakuwahi kutokea. Kulikuwa na maji yakianguka tu, na maua.

"Nilimwambia nataka iwe kama ng'ambo," mzee mmoja alisema polepole, akishika picha yake. "Mimi mwenyewe nilimwambia."

Bi Cherehani aliweka kopo chini. Hakumtazama Mzee Picha, alimtazama Mama Rangi.

"Kumbe zile shuka nne," alisema, "nilikuwa najishonea sanda."

Akatoka. Mama Rangi alibaki ameshika raba mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hata hivyo walikwenda pamoja ofisi ya ardhi, kwa kuwa Bi Cherehani hakuwa na mtu mwingine wa kumsindikiza na Mama Rangi asingeweza kukaa nyumbani. Walikaa kwenye benchi la ukutani. Bi Cherehani alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Picha aliifunga kwenye leso, ile ya yeye na cherehani.

Afisa alikuwa kijana wa heshima tu, mwenye macho mekundu ya mtu aliyesikiliza vilio tangu asubuhi. Aliipokea picha kwa mikono miwili.

"Hapa ni wapi, mama?"

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako kuna theluji?"

"Hilo ni pazia, mwanangu. Nyumba iko nyuma ya pazia."

Afisa alijizuia, lakini kicheko kilimshinda nguvu. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Hebu njoo uone. Tuna mwananchi anaishi kwenye maporomoko ya maji."

Yule wa meza ya pili akaja, akacheka, akamwita wa tatu. Picha ikatoka mkono huu ikaingia mkono ule. Bi Cherehani aliifuata kwa macho kila ilikokwenda, na alipoona mmoja wao anaigusa kwa kidole chenye wino alisema kwa sauti ndogo sana, "Taratibu jamani, ninayo hiyo moja tu." Mama Rangi hakuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mkasi.

"Samahani, mama," afisa alisema mwishoni, ameona haya. "Lakini ungeniletea nyumba ukaacha pazia, ningekusaidia. Hii siwezi. Wiki hii tunafunga orodha."

Njiani kurudi Bi Cherehani alisema, "Mlima ule uliuchora vizuri. Waliusifu."

Afadhali angemtukana.

Mzee Picha alihamishia meza dirishani na kuanza kuinua filamu moja moja kwenye mwanga. Kwenye filamu kila kitu kimegeuka kinyume, nyuso ni nyeupe kama unga na meno ni meusi, na mtu asiyezoea haoni kitu. Yeye alisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Picha alizosafisha alikuwa akizikata kingo ili pazia lijae, lakini filamu haikatwi. Alikuwa anatafuta kingo. Hapa akapata mkono wa mtoto ameshika pazia, pale kipande cha ukuta kisichojulikana ni cha nani, kwingine mkia wa mbwa.

"Hiki ni nini?" alisema ghafla.

Mama Rangi alikuja na kitambaa cha vyombo mkononi. Mumewe alikuwa ameshika kipande kilichokaa na picha za vibarua wa upimaji. Siku wanapiga bikoni mtaani walitaka nao wapigwe picha na bikoni yao kabla ya kuifukia, namba yake ikiwa bado mbichi. Ya pili kwenye kipande ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo waliyoichukua. Ya kwanza upepo ulikuwa umelinyanyua pazia juu ya vichwa vyao, Mzee Picha akaiacha. Hakuwahi kuisafisha.

"Upepo," Mzee Picha alisema. "Mke wangu, upepo!"

Walijifungia chumba cha giza na dawa iliyopita wakati. Mama Rangi alishika sahani ya dawa, mumewe akaikuza picha mpaka ikajaa karatasi, wakaisubiri ijitokeze kwa shida chini ya taa nyekundu. Kwanza wakaonekana vibarua wakicheka na bikoni yao, namba ikisomeka. Halafu pazia likapepea juu. Na chini yake, wazi kabisa, nyumba ya Bi Cherehani, mlango, dirisha, na yeye mwenyewe mlangoni akisuuza sufuria.

Mama Rangi alipiga kelele ya furaha. Alimkumbatia mumewe huku dawa ikiwachuruzikia wote wawili. Kisha picha ikaendelea kujitokeza upande wa kulia.

Kwenye ukingo kulikuwa na mwanamke mjamzito, amenyoosha mkono kulivuta pazia lisiruke. Alikuwa yeye. Nyuma yake, ubavuni mwa nyumba ya Bi Cherehani, pale hasa walipokuwa wamesimama sasa wakilowa dawa, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nyasi na mbuzi mmoja.

Karatasi ilizidi kuwa nyeusi ndani ya sahani mpaka Mama Rangi alipoitoa.

"Tulikuja baada ya bikoni," alisema. "Mimi siku zote nilijua tulikuja kabla."

"Hata mimi," Mzee Picha alisema. "Naapa. Kila mtu anasema nilikuwepo."

Ni kweli kila mtu alisema hivyo. Alikuwa akija na baiskeli, pazia lake na leseni ya kufanyia kazi mtaani humo, aliwapiga picha harusi zao na vichanga vyao, watu wakamhesabu mwenyeji kabla hajawa na pa kulala. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukumbuka kipi kilitangulia, bikoni au nyumba ya mpiga picha. Tofauti ilikuwa miezi tu.

Binti yao aliwakuta wameshika tama mezani, picha katikati yao. Alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga baada ya ndoa yake kuharibika, na siku hizi alitembea mle ndani kwa kunyata, kana kwamba anaomba radhi kwa kula. Aliitazama picha mara moja akaelewa yote.

"Mliniambia nilizaliwa humu."

"Ulizaliwa humu," mama yake alisema. "Hapo bado uko tumboni."

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Basi ichomeni." Alisema bila kupandisha sauti, akimbembeleza mtoto. "Mnanitazama hivyo kwa nini? Nimpeleke wapi huyu? Baba na kifua hicho alale wapi? Bi Cherehani ana wanawe, hata kama hawaji. Sisi tuna nini? Tukose kiwanja kwa picha iliyoharibika, ambayo hata mwenyewe hukuitaka!"

"Ardhi hii alitupa yeye," Mzee Picha alisema.

"Nani?"

"Bi Cherehani. Palikuwa uwanja wake wa kuanikia nguo. Alimwona mama yako na tumbo lile juu ya baiskeli, akasema jengeni hapo, mtoto asizaliwe njiani. Hakutuomba hata shukrani. Na hajawahi kulitaja neno hilo mpaka leo, hata siku ile ya makopo."

Binti alianza kulia kimyakimya, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mama Rangi naye alikuwa analia. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote, na alijua binti anasema kweli. Alijua vilevile kwamba Bi Cherehani, wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, alikuwa anafunga vyombo vyake.

Mzee Picha alifuta pua, akachukua mkasi.

"Nimekata picha maisha yangu yote," alisema. "Nitaikata na hii."

Akaisafisha upya, akaondoa upande wa kulia. Kazi safi. Wakabaki vibarua, bikoni, pazia likiruka, na nyumba ya Bi Cherehani ikiwa na mwenyewe mlangoni. Hakuna mjamzito, hakuna nyasi, hakuna mbuzi. Kwa mara ya kwanza tangu watu wale waje bila kuchana nywele, Mama Rangi alikula akashiba.

Bi Cherehani alipoonyeshwa picha ile alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake.

"Sufuria yangu ile," alisema. "Ile ya mkono uliokatika. Jamani." Akaishika usoni mwake kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Mama Rangi kwa namna ambayo Mama Rangi hakuielewa, akauliza, "Upepo ulikuwa mkali kiasi gani siku ile?"

"Mkali."

"Mnh," alisema Bi Cherehani, asiulize tena.

Safari hii afisa hakucheka. Aliikagua namba ya bikoni, akaitafuta kwenye jalada lake, akaipata pamoja na tarehe. Akaona mlango na dirisha, akamwona mama mlangoni, akamlinganisha na mama aliye mbele yake.

"Ni wewe," alisema, na akatabasamu kwa furaha ya kweli, maana hata yeye alikuwa amechoka kukataa. "Sasa nipeni filamu yake. Picha iliyokatwa hatuipokei, watu wameshaanza kuleta za kuungaunga. Nikiona filamu nzima tunamaliza leo."

Filamu ilikuwa kwenye mkoba wa Mama Rangi, ndani ya bahasha. Mzee Picha ndiye aliyeitia humo asubuhi. Alisema tu, "Ikitakiwa, utajua mwenyewe," akaenda kulala na kikohozi chake. Mama Rangi alimkasirikia njia nzima kwa kumtwisha mzigo ule peke yake.

"Ipo?" afisa aliuliza.

"Haipo," alisema Bi Cherehani haraka. "Ilioza. Si ilioza?"

Mama Rangi alimgeukia. Mwenzake alikuwa amemkazia macho, anatikisa kichwa kidogo sana, na hapo Mama Rangi akaelewa yale macho ya juzi. Bi Cherehani alijua. Siku zote alijua kuwa walikuja baada ya bikoni. Angeweza kuwasema siku ya kwanza, au hata siku alipotoka na hasira, lakini alinyamaza.

"Bila filamu siwezi, mama," afisa alisema. "Nifunge jalada?"

Mama Rangi alifungua mkoba. Akatoa bahasha, akaivuta filamu na kuiweka mezani.

Afisa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikunja uso, akaigeuza.

"Huku kando kuna nafasi tupu. Kiwanja hiki ni cha nani?"

"Changu," Bi Cherehani alisema. "Uwanja wangu wa kuanikia nguo. Hakuna kitu hapo."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Afisa alivuta ramani kubwa kutoka kwenye mtoto wa meza na kuanza kuikunjua. "Nauliza vizuri, mama. Nikikuta nyumba hapo, aliyenidanganya namfuta, picha au si picha. Ndivyo nilivyoagizwa." Kidole chake kikaanza kutembea juu ya ramani kuitafuta bikoni. Bi Cherehani alikuwa amesimama wima kama askari. Asingerudi nyuma. Mama Rangi alimjua.

"Hapo kuna nyumba," Mama Rangi alisema. "Ni yangu."

Kidole kilisimama.

"Wewe si ndiye mama wa leseni? Umeshapita wewe."

"Ndiye mimi. Na huyo mjamzito ndiye mimi. Tulijenga baada ya mvua zilizofuata. Mwenzangu anasahau tu, umri. Usimwandike vibaya."

"Sisahau!" Bi Cherehani alipiga meza. "Namshuhudia mimi! Alikuwepo! Mtoto wake nilimpokea kwa mikono hii!"

"Maneno ya jirani hatupokei," afisa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani angekuwa na kazi nyingine. "Na picha inasema nyumba haikuwepo." Alimtazama Mama Rangi. "Mama, unaelewa ulichokisema?"

"Naelewa."

Afisa aliikunja ramani. Kisha akachukua muhuri, akaligongea jalada la Bi Cherehani. Jalada la mpiga picha akaliweka upande wa pili wa meza, juu ya rundo kubwa.

Kuvunja nyumba ya Mama Rangi kulichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Mashine ilisukuma ukuta wa studio, ukuta ukalala, vumbi likainuka, basi. Binti yake alikaa juu ya kabati barabarani na mtoto kifuani na hakuzungumza na mama yake siku hiyo wala siku zilizofuata. Mama Rangi hakumlaumu. Usiku na mchana alijiuliza kama alifanya sawa, hasa mumewe alipokohoa.

Pembeni mwa barabara mpya kulikuwa na ukanda wa ardhi ambao haukuwa wa mtu kwa wakati ule, na wasio na viwanja walijibanza humo. Turubai hawakuwa nalo. Walichokuwa nacho ni pazia, na rangi ya mafuta haipitishi maji. Mzee Picha alisimika nguzo, wakalitandaza juu, upande uliochorwa ukiwa ndani ili jua lisiubabue. Kwa hiyo mtu akilala chali aliona mlima na theluji yake, maua yote, na maji yakianguka kumwelekea.

Bi Cherehani alipewa kiwanja mbali, kwa sharti la kaya moja tu. Ikionekana familia nyingine juu yake, kinachukuliwa. Alikwenda kuwabembeleza ofisini mpaka walinzi wakamjua kwa jina la utani. Aliposhindwa akawa anakuja mwenyewe, kwa miguu, na kimfuko chake cha sindano.

Siku mvua za kwanza zilipoanguka alikuwa hapo. Rangi ilistahimili, lakini mishono ya zamani ikaachia, na maji yakaanza kudondoka katikati, kwenye maporomoko. Bi Cherehani alipanda juu ya kopo la biskuti, uzi mdomoni, akaanza kushona akiwa ameinua mikono, maji yakimwingia kwenye mikono ya gauni. Mama Rangi alimshika kiuno asianguke. Mtoto mchanga, chini, alikodolea macho tone linalofuata.

Mtu akapiga hodi. Alikuwa yule afisa wa ardhi, na mwavuli na jalada, anaandikisha waliobaki pembeni mwa barabara.

"Jina ninalo," alisema alipomwona Mama Rangi, akiangalia chini. "Ni makazi tu ndiyo nataka. Mnakaa wapi kwa sasa, mama? Niandikeje?"

Kisha akainua macho, akaona mlima. Akaona maua, na maji, na mama yule waliyemcheka ofisini akiyashona kwa sindano. Kalamu ilibaki hewani. Safari hii hakumwita mwenzake yeyote aje kuona.

"Si ulishapataja siku ile, mwanangu, kwenye maporomoko ya maji," Mama Rangi alisema. "Karibu ndani. Inamisha kichwa, hapo panavuja."